Masikio Kwanza, Macho Baadaye: Mafunzo Niliyopata kwa Kuhesabu Silabi za Kiingereza

Mchana nafundisha Kiingereza sekondari. Jioni za mazoezi niko na kwaya ya usharika wetu, ambako kazi yangu ni kutafsiri nyimbo za Kiingereza ziimbike kwa Kiswahili, na mara nyingine kuwafundisha wanakwaya kuyaimba maneno ya Kiingereza yenyewe. Kabla ya hayo yote nilikuwa, na bado ni, mtunzi wa mashairi, mmoja wa wale wanaohesabu mizani kwa vidole wakiwa kwenye foleni ya benki.

Kwa malenga wa Kiswahili hesabu hiyo haimtoi jasho. Kila silabi ni mizani moja, basi. Ukivuka kuingia kwenye Kiingereza, vidole havitoshi. Darasani na kwenye kwaya nimeulizwa swali lilelile kwa miaka mingi: “Mwalimu, neno hili lina ngapi?” Haya ndiyo niliyojifunza katika kulijibu.

1. Kuna hesabu tatu, na hazifanani

Ngapi za nini? Herufi, sauti au silabi? Katika Kiswahili mtu anaweza kuishi bila kutofautisha sana. “Samaki” ina herufi sita, sauti sita na silabi tatu. Ukishaiona herufi umeshaisikia sauti yake. Kiingereza kimezitenganisha hesabu hizi kabisa. “Box” ina herufi tatu lakini sauti nne, kwa sababu x peke yake ni k na s. “Thought” ina herufi saba na sauti tatu tu. “Eye” ina herufi tatu na sauti moja. “Area” ina herufi nne na silabi tatu, huku “strengths”, yenye herufi tisa, ikiwa silabi moja.

Chanzo chake ni historia. Kiingereza kina herufi 26, lakini matamshi yanayofundishwa kama kigezo cha Uingereza yana sauti zipatazo 44: konsonanti 24 na irabu 20. Irabu hizo 20 zinagombania herufi tano. Tena tahajia ilianza kuganda wakati matamshi yakiwa safarini. William Caxton alianzisha mtambo wa kuchapa vitabu Westminster mwaka 1476, na katika karne zilezile irabu ndefu za Kiingereza zilikuwa zinahama karibu zote. K na gh za “knight” zamani zilitamkwa. Leo zimebaki kwenye karatasi. B ya “debt” wasomi waliichomeka ili kuonyesha undugu wa neno hilo na Kilatini. Kwa hiyo herufi za Kiingereza mara nyingi zinakueleza jinsi watu wa kale walivyosema, au jinsi wasomi walivyopenda kuandika. Mdomo wa leo una habari zake.

Dawa moja niliiazima Uingereza kwenyewe. Tangu mwaka 2012, watoto wa darasa la kwanza huko hupimwa kwa kusoma maneno 40, na 20 kati yake hayapo katika lugha yoyote, yametungwa tu. Mtoto hawezi kuyakariri kwa sura, lazima ayajenge kwa sauti. Nami huandika ubaoni neno kama “shib” na kuuliza: sauti ngapi? Anayejibu nne anahesabu kwa macho. Anayejibu tatu ameanza kusikia.

2. Silabi ni irabu inayosikika, hata kama imeandikwa kwa herufi mbili

Kila silabi ina kiini, na karibu kila mara kiini hicho ni irabu. Hapo Kiswahili na Kiingereza vinakubaliana. Vinaachana pale irabu mbili zinapokutana. Sisi tukisema “maisha” tunahesabu ma-i-sha, tatu. “Maua” ni ma-u-a, tatu. Kila irabu ina kiti chake. Mwingereza akisema “time”, sikio letu linasikia a halafu i, na mkono unanyanyua vidole viwili. Kwake ni irabu moja inayoteleza kutoka sehemu moja ya mdomo kwenda nyingine bila kukatika, na neno zima ni silabi moja. Vivyo hivyo “house”, “boat” na “coin”.

Irabu za namna hii, ambazo wanaisimu huziita irabu unganifu, ni nane katika zile 20. Ndizo zinazowapoteza wanafunzi wangu kuliko herufi zisizotamkwa, kwa sababu e ya mwisho ya “make” inakaririka upesi, ila sikio lililolelewa na “maisha” halibadiliki kwa kukariri. Huwaambia waweke kiganja chini ya kidevu na waseme neno taratibu. Kidevu kikishuka mara moja, hesabu moja. Katika “time” kinashuka mara moja kisha kinapanda. Katika “maisha”, likitamkwa silabi kwa silabi, utakihisi kikianza upya.

3. Silabi moja ya Kiingereza hubeba konsonanti kama daladala ya jioni

Silabi yetu ya kawaida ni konsonanti moja na irabu, pengine na w au y katikati, kama katika “mwana” au “vyuma”. Ya Kiingereza inaweza kupakia konsonanti tatu kabla ya irabu na nne baada yake. Hata hivyo upakiaji huo una sheria. Konsonanti zikiwa tatu mwanzoni, ya kwanza lazima iwe s. Ya pili huwa p, t au k. Ya tatu huwa l, r, w au y. Ndiyo maana “spring”, “street” na “scream” ni maneno ya Kiingereza, na “ftring” haliwezi kuwa. Mwishoni mambo huwa mazito zaidi: “texts” inamalizia kwa k, s, t, s, na “sixths” kwa k, s, th, s. Kote ni silabi moja.

Mdomo wa Mswahili ukikutana na msongamano huo hutafuta irabu ya kupumulia. Ndivyo maneno mengi ya mkopo yalivyotengenezwa. “Film”, silabi moja, imekuwa fi-la-mu, tatu. “Stamp” imekuwa stempu, “card” kadi, “blanket” blanketi. Katika Kiswahili hilo ni jambo jema, ndilo linaloyafanya maneno hayo kuwa yetu. Shida hutokea pale tunapoimba kwa Kiingereza.

Mama mmoja wa sauti ya pili aliwahi kunisimamisha katikati ya mazoezi, kidole kikiwa kwenye neno “strength”.

“Mwalimu, noti hapa ni moja tu. Herufi zote hizi zinakwenda wapi?”

“Mama, noti yote ipe ile e. Zilizotangulia zitamke upesi kabla yake, zilizobaki zitamke noti inapokatika.”

Alijaribu, wenzake wakamfuata, na neno likaingia. Sauti inayovutwa ni irabu. Konsonanti hukaa kwenye kingo za noti. Ukiongeza irabu ya kupumulia ukasema “sitirengithi”, unahitaji noti nne ambazo mtunzi wa wimbo hakukupa.

4. M ya “mtu” ni mtaji wetu

Si kila kitu kinatulemea. Kuna jambo ambalo wanafunzi wa lugha nyingine hulihangaikia, na sisi tunalo tangu utotoni: konsonanti kuwa silabi peke yake. “Mtu” ni m-tu. “Nchi” ni n-chi, “nne” ni n-ne. Malenga asiyeihesabu m ya “mtu” atazidisha mizani na wenzake watamcheka. Tunajua hata kutofautisha mbuni ndege, mbu-ni, silabi mbili, na mbuni mti wa kahawa, m-bu-ni, silabi tatu.

Kiingereza nacho kina konsonanti za namna hiyo, ila zimekaa mwishoni mwa neno. “Rhythm” haina hata moja kati ya a, e, i, o na u, lakini ina silabi mbili, ya pili ikiwa m iliyosimama yenyewe. “Prism” ni vilevile. N ya “button” na l ya “bottle” nazo hujitegemea katika matamshi ya wengi. Nikiwaambia wanafunzi, “Chukueni m ya ‘mtu’, iwekeni mwisho,” wanaipata “rhythm” papo hapo, bila kuigeuza kuwa “ridhimu” yenye silabi tatu. L ya “bottle” ndiyo inayohitaji kazi, kwa kuwa Kiswahili hakina l ya kujitegemea.

5. Mkia wa neno una kanuni, na kanuni ni ya sauti

Hakuna kosa la hesabu linalojirudia darasani kama la wakati uliopita. Mwanafunzi anaona -ed na kuongeza silabi: “wok-ed”, “kol-ed”. Kanuni ni fupi. Mkia wa -ed huongeza silabi pale tu kitenzi kinapoishia kwa sauti ya t au d: “want” ni moja, “wanted” ni mbili, “need” ni moja, “needed” ni mbili. Kwingineko hubaki sauti moja iliyogandamana na zilizotangulia. “Walked” ni silabi moja yenye t mwishoni, “called” ni silabi moja yenye d.

Mkia wa -s nao hufuata njia hiyohiyo. Huongeza silabi baada ya sauti za mvumo kama s, z, sh, ch na j: “boxes”, “watches”, “judges”. Baada ya nyingine hauongezi kitu: “cats” ni moja. Sababu ni ya mdomo mtupu. T mbili au s mbili zikifuatana hazisikiki mpaka irabu iingie kati.

Kuna vivumishi vilivyobakiza matamshi ya kale: “wicked”, “naked”, na “learned” ikiwa na maana ya msomi, vyote silabi mbili. Kwenye nyimbo za kanisani “blessed” ni ya kuangaliwa kwa makini. Vitabu vingine huweka alama juu ya e kuonyesha kuwa ni silabi mbili. Pasipo na alama hiyo, hesabu noti kwanza ndipo uamue.

6. Silabi zinazomezwa zina utaratibu wake

“Chocolate” kwa macho ni tatu, kwa wasemaji wengi ni mbili. “Vegetable” ni tatu. “Comfortable” ina irabu nne zilizoandikwa ukihesabu na e ya mwisho, na wengi huitamka kwa silabi tatu. “Wednesday” ni mbili, “business” ni mbili. Mji wa Leicester, wenye herufi tisa, nao ni silabi mbili.

Mwanzoni hii huonekana kama uvivu wa ulimi, lakini angalia ni ipi inayomezwa. Kila mara ni silabi isiyo na mkazo, na mara nyingi ndiyo inayofuata ile yenye mkazo. Katika Kiingereza silabi yenye mkazo hupewa irabu kamili; zisizo na mkazo hufifia na kuwa irabu hafifu, a iliyokosa nguvu, ambayo ndiyo irabu inayosikika zaidi katika lugha hiyo ingawa haina herufi yake. Huandikwa kwa a katika “about”, kwa e katika “problem”, kwa o katika “lemon” na kwa u katika “circus”. “Banana” ina a tatu kwenye karatasi. Kwa sikio, ya kati tu ndiyo nzima. Irabu iliyokwisha kufifia iko karibu kabisa na kutoweka.

Na mkazo wenyewe huhama. “Photograph” ina mkazo kwenye silabi ya kwanza, “photography” kwenye ya pili, “photographic” kwenye ya tatu, na kila unapohama irabu hubadilika nyuma yake. Sisi mkazo wetu umetulia kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa maneno machache, kama “barabara” yenye maana ya sawasawa inayotofautiana na barabara ya magari. Mwanafunzi wa Kiingereza inambidi aukariri mkazo pamoja na neno.

7. Maneno mengine yana majibu mawili, na yote ni sahihi

“Fire” ni silabi moja au mbili? “Hour” je? “Power”? Wasemaji wa kuzaliwa hugawanyika, na hata mtu mmoja huweza kuisema “fire” kwa namna mbili kutegemea haraka aliyo nayo. Watunzi wa nyimbo wameutumia ulegevu huo kwa karne nyingi. Ndiyo maana katika vitabu vya nyimbo utakuta “heaven” na “power” zimeandikwa kwa alama ya mkato juu mahali pa e: ni agizo kuwa hapa uimbe silabi moja.

Sauti nazo hutofautiana kwa pahali. “Car” ina sauti mbili kwa msemaji wa London, kwa kuwa r yake haitamkwi. Kwa Wamarekani wengi ina tatu. “New” ina tatu London, ikianza kwa n na y, na mbili kwa Wamarekani wengi. Kwa hiyo mwanafunzi anaponiuliza neno lina sauti ngapi, namuuliza: kwa mdomo wa nani? Anadhani namkwepa, mpaka nimsikilizishe sauti mbili zilizorekodiwa.

8. Idadi hupatikana, mpaka hubishaniwa

Kila mtu anakubali kuwa “extra” ina silabi mbili. Sasa kata: ek-stra au eks-tra? Hapo wataalamu hutoa hoja tofauti. Katika Kiswahili silabi huishia kwa irabu, au ni konsonanti iliyosimama yenyewe kama m ya “mtu”, kwa hiyo ukiijua idadi umeujua na mpaka, ukiacha maneno machache ya mkopo. Vitone ambavyo kamusi nyingi za Kiingereza huweka ndani ya neno havimalizi ubishi. Kazi yake ya kwanza ni kukuonyesha mahali pa kulikata neno mstari unapoisha, na mara nyingine hupishana na matamshi.

Hesabu ya silabi ina maana hata kwa mashine. Mwaka 1948 Rudolf Flesch, mzaliwa wa Vienna aliyehamia Marekani, alitoa kanuni ya kupima urahisi wa maandishi ya Kiingereza kwa vitu viwili: urefu wa sentensi na wastani wa silabi kwa kila neno. Mwaka 1975 kanuni yake ilirekebishwa kwa ajili ya Jeshi la Wanamaji la Marekani, na leo imo ndani ya programu za kuandikia. Lakini programu inayohesabu mafungu ya irabu zilizoandikwa itakosea “make” na “area” kwa pamoja. Njia ya uhakika ni kuipa orodha ya matamshi. Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kina kamusi ya wazi ya namna hiyo, yenye maneno zaidi ya 130,000. Kila irabu yake imewekewa tarakimu ya mkazo: 0, 1 au 2. Hesabu tarakimu, umepata silabi. Napenda kwamba waliounda orodha hiyo hawakuandika irabu bila kuandika mkazo wake.

Ukichukua kanuni ya Flesch ukaitupia Kiswahili, itakuambia kuwa mtoto wa chekechea anasema lugha ya wanasheria. “Nitakapokuja” ni silabi sita, na hakuna asiyeielewa.

9. Silabi nane hazilingani na silabi nane

Hili ndilo lililobadilisha kazi yangu. Nyimbo nyingi za kanisani za Kiingereza zimewekewa tarakimu za silabi kwa kila mstari. “Amazing Grace” ya John Newton, iliyochapwa mwaka 1779, ni 8.6.8.6. Kuna kipimo kingine maarufu cha 8.8.8.8. Mtunzi wa Kiswahili akikiona hicho cha mwisho anatabasamu: mishororo minne, mizani minane, si ndio utenzi? Kwenye karatasi ni kitu kilekile.

Uimbe sasa. Mashairi ya Kiingereza ya kipimo hicho kwa kawaida huweka mkazo kwenye silabi ya 2, 4, 6 na 8. Mstari unaanza kwa silabi nyepesi na kutua kwa nzito, kwa sababu Kiingereza kina maneno tele ya silabi moja yenye uzito, kama “grace”. Mshororo wa Kiswahili wenye mizani minane hutua karibu kila mara kwenye mizani ya 7, kwa kuwa neno letu la mwisho lina mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Chukua mfano nilioutunga kwa ajili ya darasa: “Jua limetoka leo.” Mizani ni minane kamili. Uweke kwenye wimbo wa aina hiyo, na kwaya itaimba juA liMEtoKA leO. Hesabu imetimia, lugha imevunjika. Msikilizaji atahisi kuna kitu hakikai, hata kama hawezi kukitaja.

Ongeza “na” mbele: “Na jua limetoka leo.” Mizani imekuwa tisa, na sasa naJUa, TO na LEo zote zimeangukia mapigo mazito. Noti ndefu ya mwisho unaigawa mara mbili ili o ipate pa kukaa. Mwenye kuhesabu tu atasema umezidisha. Mwenye kuimba atasema sasa imekaa.

Kumbe hata kwao idadi haikuwa kila kitu. Beowulf, utenzi wa Kiingereza cha kale wenye mistari 3,182, ulihesabu mikazo minne kwa mstari na kuziacha silabi nyepesi ziongezeke au zipungue. Shakespeare alichapishiwa soneti 154 mwaka 1609, nyingi zikiwa na silabi kumi kwa mstari, lakini mshairi huyo huzidisha silabi moja nyepesi mwishoni bila wasiwasi, na soneti ya 145 ina silabi nane. Pale ambapo Kiingereza kinaanza mstari kwa silabi nzito na kuumaliza kwa nyepesi, kama Longfellow alivyofanya katika “The Song of Hiawatha” mwaka 1855, mizani yao minane na yetu hukaa pamoja bila ugomvi.

Siku hizi wimbo mpya ukiletwa kwenye kwaya sianzi kwa vidole. Naanza kwa kalamu nyekundu, nikiweka alama juu ya kila silabi inayopigwa na wimbo, ndipo natafuta maneno ya Kiswahili yenye mikazo mahali hapohapo. Idadi naihakiki mwisho, na ikizidi kwa moja naiacha. Wimbo ambao mistari yake yote inatua kwa pigo zito, na noti ya mwisho ni fupi mno kugawanyika, nausema wazi mbele ya wanakwaya: huu tuuimbe kwa Kiingereza, au tuutafutie sauti nyingine.